Niliteuliwa kwenye "mengineyo"

Kazi ya ushauri na unasihi nilikabidhiwa Januari 2014, katika kikao cha walimu cha kufungua muhula, kwenye kipengele cha ajenda ambacho kila aliyewahi kukaa katika kikao cha serikali anakijua: mengineyo. Tulikuwa tumekwisha kujadili ratiba, upungufu wa madawati, mchango wa mlinzi na utoro wa Kidato cha Tatu. Njaa ilikuwa imeshika, na chupa za chai zilikuwa tayari zimepangwa kwenye meza ya nyuma. Mkuu wa shule aliinua macho kutoka kwenye daftari lake akasema, "Madam, wewe watoto wamekuzoea. Ushauri tukuachie wewe." Wenzangu wakapiga makofi mawili matatu, katibu akaandika mstari mmoja kwenye muhtasari, tukaenda kunywa chai.

Barua ya uteuzi sikupewa. Vipindi vyangu 26 vya Kiswahili kwa wiki vilibaki 26. Chumba nilichoonyeshwa kilikuwa stoo ya vitabu, ambamo baada ya miezi michache yaliingia pia magunia ya mahindi ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanafunzi walinisimulia mambo mazito ya maisha yao wakiwa wamekaa juu ya gunia, na mimi nikiwa nimekaa juu ya katoni ya vitabu vya Fizikia, somo ambalo hatukuwa na mwalimu wake. Nasema hivi bila kinyongo na mtu, maana shule yetu ni sekondari ya kata katika mkoa wa Lindi, na wakati ule hata chumba cha maabara tulikigawa kwa pazia ili upande mmoja uwe darasa.

Sikusudii kuandika juu ya wingi wa kazi. Mwalimu wa sekondari ya kata akilalamika kwamba kazi ni nyingi, wenzake humtazama kama mvuvi anayelalamika kwamba bahari ina chumvi. Ninachotaka kukieleza ni jambo nililolitambua polepole, tena kwa aibu kidogo: namna majukumu niliyopangiwa yalivyobadilisha makadirio yangu ya thamani yangu mwenyewe, kwanza nikiwa kazini, halafu hata nikiwa nyumbani naosha vyombo.

Kiswahili kinatenganisha vizuri mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kujiamini ni kujua kwamba jambo hili naliweza. Kujithamini ni kujua kwamba mimi ni mtu wa maana, nikiliweza jambo hilo au nisipoliweza. Kwa mwalimu wa ushauri mambo haya mawili hukaa karibu mno, kwa sababu kifaa chake cha kazi ni yeye mwenyewe. Hana chaki wala darubini ya kusingizia. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alisema kwamba chanzo cha imani hiyo chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kulifanya jambo na kuona limefanikiwa. Baada yake ndipo alipotaja kuwaona wengine wakiliweza, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wenyewe, kama vile uchovu na mapigo ya moyo. Chuoni niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Miaka ilipopita, nikiwa nimekaa juu ya katoni ile, yalinirudia kichwani nikaona kwamba kazi yangu ilikuwa imeifunga milango yote minne. Mafanikio yangu hayakuonekana, kwa kuwa mafanikio ya mnasihi mara nyingi ni jambo ambalo halikutokea: binti ambaye hakuacha shule, kijana ambaye hakumrudishia baba yake wa kambo ngumi. Mnasihi mwingine wa kumtazama akifanya kazi sikuwa naye. Maneno ya kutia moyo yalikuwepo, lakini yalisifu mambo mengine, nami nitayafikia. Mwili ulikuwa umechoka.

Asili ya ushauri wa shuleni katika nchi yetu inaeleza sehemu ya tatizo. Huduma hii ilianza kupewa umbo rasmi baada ya mkutano uliofanyika Arusha mwaka 1984, na walimu wa kwanza kuteuliwa shuleni walikuwa na jukumu la kuwaongoza wanafunzi kuchagua masomo na kazi za baadaye. Nyaraka zilizofuata zilipanua wigo, na leo mwongozo wa kitaifa unazungumzia ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto kwa pamoja. Hata hivyo upanuzi huo haukuzaa kada. Mwalimu wa ushauri ameajiriwa kufundisha somo, na ushauri ni kofia anayovaa juu ya kofia nyingine, kwa hisani ya mkuu wake wa shule na kwa kiasi cha pumzi iliyobaki baada ya kipindi cha nane.

Wenzetu wa Marekani, ambako mshauri wa shule ni kazi kamili yenye shahada yake, wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Chama chao cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na kwamba asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma kwa wanafunzi. Wameorodhesha hata kazi zisizomfaa mshauri: kuratibu mitihani, kutoa adhabu, kushika darasa la mwalimu ambaye hayupo, kulinda wanafunzi kwenye maeneo ya pamoja. Niliisoma orodha hiyo kwenye simu, usiku, nikacheka peke yangu, kwa sababu yalikuwa maelezo sahihi ya wiki yangu. Kumbe hata huko wastani wa taifa lao bado uko juu ya hao 250. Sikufarijika sana, lakini nilijua kwamba ugonjwa wangu una jina na una wagonjwa wengine.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumanne moja ya mwaka 2016, mwaka ambao elimu bila malipo ilianza na Kidato cha Kwanza chetu kikafurika hadi watoto wakasomea chini ya mwembe. Jumatatu yake jioni alikuja stoo kijana wa Kidato cha Pili, ambaye habari zake nimezibadilisha kidogo ili asitambulike. Alikuwa na sifa ya uchelewaji sugu, na ameshachapwa hadi amezoea. Nilikuwa nimeliomba daftari la mahudhurio la darasa lake, na katika kulipekua niliona jambo lililonishangaza: uchelewaji wake ulifuata mwezi. Siku za mbalamwezi aliwahi paredi kama kiranja. Siku za giza alichelewa, siku saba, nane, mfululizo. Nilipomwonyesha alinyamaza, kisha akaniambia kwamba siku za giza huenda na mjomba wake kuvua dagaa kwa taa, kwamba hurudi nchi kavu alfajiri, na kwamba sehemu yake ya samaki ndiyo inayowalisha wadogo zake wawili. Alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu aliogopa mjomba angeitwa kwenye bodi ya shule. Nilimwahidi kwamba nitatafuta njia. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyo.

Jumanne hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Lilikuwa bado giza la mwezi. Geti lilifungwa saa moja na nusu, waliochelewa wakapigishwa magoti kwenye changarawe, na mwalimu wa nidhamu, ambaye alikuwa anawahi kipindi, akanikabidhi fimbo kama mtu anavyomkabidhi mwenzake ufunguo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, na kwamba mwenye mamlaka ya kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwamba kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa na maandishi yoyote, na hakuna aliyeyauliza. Kijana wangu alikuwa wa tano kwenye mstari. Walimu wenzangu walikuwa barazani wananitazama, na nilijua nikimruka yeye nitakuwa nimetangaza siri yake mbele ya shule nzima, na nikiwaruka wote nitakuwa nimemvua nguo mwalimu wa nidhamu. Nilimpiga viwili, vyepesi. Alisema, "Ahsante, Madam," kama walivyofundishwa kusema, akaenda darasani. Hakuja stoo tena mpaka alipomaliza shule.

Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi. Sikuumia kwa sababu nilimchapa mtoto. Nililelewa kwa fimbo, na wakati ule nilikuwa naichukulia kama sehemu ya mazingira, kama vumbi. Niliumia kwa sababu niligundua kwamba sikuwa na mtu ndani yangu aliye tofauti na jukumu nililoshikishwa dakika ile. Jumatatu nilikuwa sikio kwa sababu zamu ilikuwa ya mwingine. Jumanne nilikuwa mkono. Vitabu vya unasihi, kuanzia kwa Carl Rogers na kuendelea, vinasisitiza kwamba mnasihi anapaswa kumkubali mtu bila masharti, na mimi nilikuwa nakubali watu bila masharti kuanzia saa tisa na nusu alasiri, siku ambazo siko zamu.

Habari za stoo zina miguu. Muhula ule waliokuja kwangu walipungua hadi nikawa nakaa wiki nzima bila kumwona mtu. Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo sikulielewa kwa miaka: sikusema kwamba ratiba imenigonganisha na wanafunzi. Nilisema kwamba mimi si mshauri mzuri. Nilijihukumu kwa kosa la ratiba. Nilianza kujiuliza kama nilipata shahada kwa bahati, kama sauti yangu ni kali, kama nina uso usioaminika. Mume wangu aliniuliza siku moja kwa nini nimeacha kuchangia kwenye vikao vya ukoo, mimi ambaye zamani nilikuwa napatanisha watu hadi usiku wa manane. Nilimjibu kwamba kuna watu wanaojua zaidi yangu.

Kulikuwa na jukumu jingine, ambalo lilinipata kwa sababu mimi ni mwanamke. Kila baada ya likizo ndefu, mabinti walipelekwa zahanati kupimwa ujauzito, na mwalimu wa kuwapeleka nilikuwa mimi, matroni na mshauri kwa pamoja. Tulikwenda kwa mistari miwili kupitia katikati ya kijiji, wanaume wakiwa vibarazani wanacheza bao na kutuhesabu kwa macho. Mwaka 2018 nililiandika jina la binti mmoja kwenye karatasi iliyokwenda ofisini, na siku ya tatu akawa si mwanafunzi tena. Alikuwa amewahi kukaa juu ya gunia langu. Aliponiaga hakulia, alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka ni lipi kati ya aliyoniambia ndilo nililolipeleka. Sikupeleka lolote, ni kipimo kilichosema, lakini nani angemwambia hivyo akaamini, wakati mwenye sikio na mwenye karatasi ni mtu mmoja?

Sasa nitaje yale maneno ya kutia moyo. Katika miaka hiyohiyo ambayo ndani nilikuwa nanywea, nje nilikuwa nang'ara. Nilikuwa nasimamia chakula cha mchana, na hesabu ya madebe ya mahindi kutoka kwa wazazi ilikuwa inafunga bila upungufu wa kilo moja. Nilikuwa naratibu Selform, yaani fomu ambazo Kidato cha Nne huchagulia masomo na vyuo vya mbele, na hakuna mtoto aliyekosa nafasi kwa sababu ya fomu iliyokosewa. Nilikuwa nachapa mitihani ya majaribio, nashika madarasa ya walimu waliokwenda likizo ya uzazi, naandika muhtasari wa kikao cha bodi. Mei Mosi ya mwaka 2019 nilitangazwa mfanyakazi bora wa shule, nikapewa cheti na bahasha, na risala iliyosomwa ilitaja chakula, fomu na muhtasari. Ushauri haukutajwa. Nilirudi nyumbani na cheti kile nikakitundika, na ukweli nitausema: kilinifurahisha.

Wahenga waliliita hilo kilemba cha ukoka. Zamani mwanafunzi aliyehitimu kwa fundi au kwa mwalimu wake alimpa kilemba, yaani ada ya heshima, na kilemba cha majani ya ukoka ni kile kinachofanana na heshima ukikitazama kwa mbali, kisha kinanyauka kabla ya jua kuzama. Ila wahenga walizungumza zaidi juu ya anayevikwa kama mjinga anayedanganywa. Hawakusema kwamba mtu mwenye baridi ya kichwa anaweza kukitafuta mwenyewe. Mimi nilikitafuta. Ilifika mahali kukiwa na mwanafunzi anayenisubiri stoo na mahindi yanayosubiri kupimwa, nilianza na mahindi. Mahindi yanapimika. Ukimaliza umemaliza, mkuu wa shule anasema ahsante, na unajua umekuwa mtu wa maana kwa saa moja. Mwanafunzi unaweza kukaa naye saa hiyohiyo ukatoka hujui kama umemsaidia au umemzidishia. Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba kazi za pembeni zilinivamia huku nikipigana nazo. Nyingine nilizifungulia mlango, nikazikaribisha, kwa sababu kazi yangu halisi ilikuwa inaninyima kile ambacho hizo zilinipa kwa bei nafuu.

Lazima nitende haki kwa Selform, kwa sababu si kazi ya pembeni ikifanywa inavyopaswa. Kumsaidia mtoto wa mvuvi aelewe kwamba tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, atakayoichagua ndiyo itakayomfungulia au kumfungia vyuo fulani ni ushauri kamili, na tangu mwaka 2024, tahasusi zilipoongezwa kutoka 16 hadi 65, kazi hiyo imekuwa nzito na muhimu kuliko zamani. Lakini nilichokuwa nafanya mimi kilikuwa kunakili namba za mitihani na kuhakikisha kwamba herufi hazijakosewa. Kuna siku nilikaa na fomu 90 mezani na sikuwa nimezungumza na hata mmoja kati ya wenye fomu hizo. Ukarani uliovaa jina la ushauri unaudhi kuliko ukarani wenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa nyakanga, yaani kiongozi wa unyago, na nimekuwa nikimlinganisha na nafsi yangu bila kutaka. Msimu wa unyago ulipofika, Bibi alikuwa na kazi moja tu. Hakuna aliyemtuma kuhesabu magunia wala kumchapa mwali aliyevunja chungu. Wa kuchapa alikuwepo, na wa kupika alikuwepo. Aliyoyasikia ndani hayakutoka nje, na wazazi, hata wale waliokuwa na fedha za korosho, hawakuthubutu kumuuliza. Alipomaliza alipewa haki yake: kanga, kuku, fedha, na nafasi ya kukaa mbele kwenye ngoma. Sitaki kuupamba unyago. Kuna mambo mabinti wadogo walifundishwa mapema mno, na mimi mwenyewe nina ugomvi nayo. Lakini sikuwahi kumsikia Bibi akijiuliza kama yeye ni mtu wa maana. Kijiji kilikuwa kimelijibu swali hilo kwa namna kilivyompangia kazi.

Nilikutana na kipimo kinyume chake kwenye mfumo wa PEPMIS, ambao watumishi wa umma tulianza kuutumia kupimia utendaji badala ya zile fomu za OPRAS. Mfumo unataka lengo, kazi, na idadi. Mwalimu wa Hisabati anaandika mada alizofundisha na majaribio aliyotoa. Mimi kwenye ushauri niliandika, "Kuwashauri wanafunzi 40," nikakaa naitazama arobaini hiyo. Kijana wa dagaa ni moja. Mtoto aliyekuja kuniuliza kama sare ya kijani inaruhusiwa ni moja vilevile. Binti aliyekuja mara kumi na moja kabla ya kutamka jina la jirani yao ni moja, au kumi na moja? Sikuwa na wa kumuuliza. Niliandika 40 kwa sababu ni namba isiyotia shaka, na nilipopata alama nzuri nilihisi kama nimeiba.

Wataalamu wa uchovu wa kazi, Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson, walipotengeneza kipimo chao mwaka 1981 walikigawa katika sehemu tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona unaowahudumia kama vitu, na kuona kwamba hakuna unachofanikisha. Nilikuwa nimezifikia zote tatu, na kwa ushuhuda wangu ile ya tatu ndiyo inayouma kimyakimya, kwa sababu mbili za kwanza watu wanakuhurumia, lakini ya tatu inafanana na unyenyekevu. Watu walinisifu kwamba sijikwezi.

Mambo mawili yaliyageuza maji, na yote mawili yalikuwa mabadiliko ya majukumu. Hakuna aliyenipa semina ya kujipenda.

La kwanza lilitoka juu kabisa. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukafika kwetu. Januari iliyofuata nilitumwa kwenda vijijini kuwatafuta. Nilipita njia ileile niliyokuwa nawapitisha kwa mistari miwili, na wanaume wa bao walikuwa palepale. Nilifika kwenye nyumba tatu. Kwenye ya kwanza binti alikuwa amehamia Masasi kwa shangazi yake. Kwenye ya pili nilipokelewa na baba ambaye hakunikaribisha kiti. Kwenye ya tatu mama mmoja mzee alinisikiliza hadi mwisho akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, si wewe uliyekuwa unawapeleka kule?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Alikaa kimya muda mrefu, mjukuu mchanga akiwa anamvuta kanga. Halafu akaita jina la binti yake. Yule alirudi shuleni, Kidato cha Tatu, na akamaliza. Usiku ule wa Januari nililala usingizi ambao sikuwa nimelala kwa miaka. Mshahara ulikuwa uleule na mwalimu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni nilichotumwa.

La pili lilikuwa mkuu mpya wa shule, mama aliyehamia kwetu mwaka 2023. Mradi wa SEQUIP, ule wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, ulikuwa umeleta mafunzo ya Shule Salama, nami nikaenda, nikarudi na kabrasha. Wakuu wengine wangelipanga kabrasha lile kwenye shelfu. Huyu aliniita akaniuliza maswali matatu, akaniandikia barua ya uteuzi, akaniondoa kwenye zamu na kwenye safari za zahanati, akahamishia mahindi kwenye banda jipya, na akaweka kwenye ratiba ya shule kwamba Jumatano saa sita mchana nipo kwa ajili ya ushauri na nisipangiwe kingine. Vipindi aliviacha vilevile, kwa sababu walimu hawapo. Chakula alimpa mwalimu wa Kilimo.

Nilitarajia kufurahi, na wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu nilianza kuogopa. Zamani nikishindwa kumsaidia mtoto nilikuwa na kisingizio tele: zamu, magunia, fomu. Sasa nilikuwa na chumba kitupu chenye viti viwili, saa nzima, na mwanafunzi mbele yangu, na ikadhihirika kwamba mambo mengi siyajui. Nilikuwa natoa ushauri haraka mno. Nilikuwa namalizia sentensi za watoto. Msichana mmoja alipoanza kulia nilimpa mfano wa maisha yangu, akaacha kulia kwa adabu ili anisikilize. Miaka tisa nilikuwa naitwa mshauri na hakuna aliyewahi kunikosoa ushauri wangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anautazama. Kujithamini kwangu kulishuka tena, lakini safari hii kulishuka hadi mahali pagumu ambapo mguu ungeweza kukanyaga. Nilikuwa nimeshindwa kwenye kazi yangu mwenyewe, na kosa la kazi yako unaweza kulirekebisha.

Nilianza kuandika baada ya kila mazungumzo, mistari mitatu, bila majina: nilichosikia, nilichosema, nilipopaswa kunyamaza. Mwalimu mwenzangu wa kata ya jirani, ambaye tulikuwa pamoja kwenye mafunzo, tukawa tunapigiana simu kila Ijumaa kulinganisha makosa yetu. Kumwona mtu mwingine akiliweza jambo, na akilishindwa kama mimi, ule ulikuwa mlango wa pili wa Bandura, na ulikuwa umefunguliwa kwa vocha ya shilingi elfu moja. Idadi ya wanaokuja Jumatano imepanda, lakini sitaitaja, maana nimesema nilivyoitendea ile arobaini. Nitataja tu kwamba mwaka jana alinipigia simu yule kijana wa dagaa, ambaye sasa ana chombo chake. Aliniomba nimtafutie mdogo wake nafasi ya kuhamia kwetu. Mambo ya fimbo hakuyagusa, nami sikuyagusa. Kabla ya kukata aliniambia mdogo wake naye huenda baharini, kwa hiyo nikiona anachelewa nitazame kalenda.

Januari mwaka huu tulikuwa tena kwenye kikao cha kufungua muhula. Mwalimu wa Kilimo amehamishwa. Tulifika kwenye mengineyo, chai ikiwa mezani, na makamu mkuu wa shule akasema kwamba chakula kimebaki bila msimamizi, na kwamba kwa kuwa Madam ana uzoefu wa muda mrefu na hesabu zake zilikuwa hazina doa, aombwe akishike angalau hadi Juni. Kugawa chakula ni kila siku saa sita. Watu walishaanza kupiga makofi. Niliomba radhi kwa mkuu, nikasema naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba nimekataa, pamoja na sababu. Baraza likanyamaza. Katibu, kijana aliyeajiriwa juzi, akaniuliza kwa heshima aandike sababu gani.

Nikamwambia aandike kwamba Jumatano saa sita nina mtu.